Kushona mapambo ya Krismasi ya felti pamoja na watoto

Shule zinapofungwa kwa likizo ya Desemba, watoto hubaki nyumbani wiki kadhaa kabla ya Krismasi, na wiki hizo zinatosha kabisa kushona mapambo ya mti kwa mkono. Kwa miaka kadhaa sasa nimeifanya kazi hii hapa Morogoro na watoto wa nyumbani kwetu pamoja na wenzao wa shule ya Jumapili, wenye umri wa kuanzia miaka 4 hadi 12, na maelezo haya yametoka kwenye meza hiyo. Nitaeleza mapambo mawili tu. La kwanza ni nyota, kwa kuwa ndani yake mtoto hujifunza mishono yote atakayoihitaji. La pili ni ua la mkrismasi, ule mti wa maua mekundu unaochanua msimu huu huu wa sikukuu, ambao kwa maoni yangu unastahili nafasi kwenye mapambo yetu kuliko theluji ambayo watoto wengi wa huku hawajawahi kuiona.

Kabla ya vifaa, niseme jambo ambalo kazi yote inalitegemea. Meza ya watoto huvurugika pale mtu mzima anapokata na kutoboa vitambaa huku watoto wakimsubiri, na pambo huharibika pale mtu mzima anapofumua mshono wa mtoto ili aushone upya unyooke. Kwa hiyo kazi ya mtu mzima ifanyike usiku wa kuamkia siku ya kushona, imalizike, na kazi ya mtoto ibaki kuwa ya mtoto hadi fundo la mwisho.

Felti na namna ya kuinunua

Kanga na kitenge vimefumwa kwa nyuzi zinazopishana, na ndiyo maana ukivikata bila kuvipinda, ukingo huanza kuchomoka nyuzi moja baada ya nyingine. Felti nayo ni kitambaa, lakini haifumwi. Ile ya asili ni sufu ya kondoo iliyoloweshwa maji ya moto yenye sabuni na kusuguliwa mpaka magamba madogo yaliyo juu ya kila unywele yakashikana yasiachane tena. Hii inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule kwa kawaida ni ya poliesta au akriliki, na nyuzi zake hushikanishwa na mashine yenye sindano nyingi zenye vijino. Kwa vyovyote vile, kitambaa hiki hakichomoki nyuzi, hakihitaji pindo, na hakina upande wa ndani wala wa nje. Mtoto wa miaka mitano anayegeuza kazi yake kila mara hawezi kuikosea, na hiyo ndiyo sababu naipenda felti kwa mikono midogo kuliko kitambaa kingine chochote.

Huuzwa katika vipande vinavyokaribia ukubwa wa karatasi ya A4, na unene wa milimita 1 ndio unaofaa. Ile nyembamba zaidi hupasuka mtoto anapovuta uzi kwa nguvu. Ile ya milimita 3 inasimama vizuri lakini sindano ya mtoto haipiti. Jihadhari na felti yenye gundi mgongoni, kwa sababu sindano huganda kila inapopita. Jihadhari pia na pasi. Niliwahi kunyoosha kipande chekundu kilichojikunja kwa pasi ya moto kama ninavyonyoosha nguo za pamba, kikayeyuka na kushikamana na bamba la pasi, kwa maana poliesta ni jamii ya plastiki. Kipande kilichojikunja kiweke chini ya vitabu vizito usiku mmoja.

Kwa watoto wanane, kila mmoja akishona nyota moja na ua moja, nunua vipande 3 vya rangi ya njano au nyeupe kwa ajili ya nyota, vipande 4 vyekundu na kimoja cheupe kwa ajili ya petali, na kimoja cha kijani. Ongeza uzi wa kudarizi wa rangi nyekundu, nyeupe na njano. Uzi huu umeundwa kwa nyuzi ndogo 6 zilizosokotwa pamoja, nawe utazitenganisha na kutumia 3 tu kwa mshono wa kawaida. Sindano ziwe za kudarizi, zenye tundu refu, moja kwa kila mtoto na mbili za akiba. Wakazi wa Dar es Salaam watapata vyote hivi Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya ushonaji, na wa Nairobi mtaa wa Biashara. Lakini kabla ya kununua kijazo, mwulize fundi cherehani wa jirani kama ana vipande vya nguo vinavyobaki, kwa sababu kila jioni hufagia vya kutosha kujaza nyota za mtaa mzima.

Kijazo kingine tulicho nacho ni sufi ya kwenye mito. Ni laini na nyepesi, ila hupeperuka hadi puani, na mtoto mwenye pumu asiikaribie. Mimi siku hizi natumia vipande vya fundi vilivyokatwakatwa vidogo kama ukucha, ambavyo hukaa ndani bila kuruka.

Kazi ya usiku, watoto wakiwa wamelala

Anza na kiolezo cha nyota. Watu wengi huchora nyota kwa kukisia, ikatoka na ncha moja ndefu na nyingine fupi, ilhali kuna njia ya uhakika. Chora kwenye karatasi ngumu duara lenye kipenyo cha sentimita 10, utie alama katikati yake. Chagua nukta moja kwenye ukingo, kisha pima kwa rula sentimita 5.9 hadi ukingoni tena, na kuendelea. Ukipima mara tano utajikuta umerudi pale ulipoanzia, na hizo nukta tano ni ncha za nyota. Sasa katikati ya kila ncha mbili, weka nukta nyingine iliyo sentimita 2.8 kutoka katikati ya duara. Unganisha nukta zote kumi kwa mfuatano. Nyota hii ni nene kidogo kuliko ile ya bendera, nami nimeichora hivyo kwa makusudi, kwa sababu ncha nyembamba hazipokei kijazo na mtoto hukata tamaa akizisukuma. Zimalizie ncha kwa mviringo mdogo.

Usichore kwenye felti kwa kalamu ya wino. Wino hupenya na kuonekana hadi upande wa pili. Kwenye rangi nzito tumia kipande chembamba cha sabuni ya mche iliyokauka, kama wafanyavyo mafundi. Kwenye rangi nyeupe na njano, bandika kiolezo cha karatasi nyembamba juu ya felti kwa selotepu, ukate karatasi, selotepu na felti kwa pamoja, halafu ubandue. Ukingo hutoka safi. Kata tabaka moja moja, kwani matabaka mawili huteleza na nyota zake hazilingani. Kipande kimoja cha A4 kinatoa nyota 6 za tabaka moja, yaani mapambo 3.

Halafu uje utoboaji, ambao ndio unaochosha na ndio unaoamua kama kesho yake mtoto atafurahi au atalia. Weka matabaka mawili ya nyota yakiwa yamelingana, uyabane kwa vibanio vya nguo, uyalaze juu ya kipande cha sponji ya godoro kuukuu. Kwa sindano nene ya kushonea magunia, toboa matundu kuzunguka ukingo, kila tundu likiwa milimita 5 kutoka ukingoni. Kwa mtoto wa miaka 4 hadi 6, acha karibu sentimita 1 kati ya tundu na tundu. Kwa mwenye miaka 7 au 8, nusu sentimita. Watoto wakubwa zaidi hawahitaji kutobolewa, wawekee tu alama za sabuni au za penseli. Usiviondoe vibanio: hivyo ndivyo vitakavyoshikilia kazi kesho badala ya pini, ambazo huchoma vidole na kudondoka mkekani.

Mwisho wa kazi ya usiku, tunga sindano zote. Uzi wa mtoto usizidi urefu wa mkono wake kuanzia begani hadi kwenye vidole. Ukizidi hapo hujisokota na kufanya mafundo kila anapovuta. Kwa wadogo, pitisha uzi tunduni kisha ufunge fundo dogo palepale kwenye tundu la sindano ili usichomoke. Hesabu sindano na uandike idadi yake.

Kushona nyota

Waketishe watoto mkekani au mezani, mkubwa mmoja kati ya wadogo wawili. Kila mtoto apewe nyota iliyobanwa, sindano yake, na kipande cha sponji cha kuichomeka anapopumzika, kwa sababu sindano isiyo na mahali pake huishia kwenye magoti ya mtu. Mwonyeshe mahali pa kuanzia: tundu lililo kwenye bonde kati ya ncha mbili. Aingize sindano kati ya matabaka mawili na kuitoa kwa mbele, ili fundo lifichike ndani.

Mdogo apige bandi, yaani sindano izame kwenye tundu hili na iibuke kwenye linalofuata, juu, chini, juu, chini, mpaka azunguke nyota. Mwambie maneno hayo kwa sauti mara za kwanza. Baada ya dakika chache utamsikia akijiambia mwenyewe. Kosa la kawaida ni kupitisha uzi juu ya ukingo badala ya kuufuata mstari wa matundu. Likitokea, usifumue. Pambo halitafunguka, na mshono ule uliozunguka ukingo utakuwa ndio alama ya kumtambua mwenyewe mtini mwaka ujao. Kijana wetu mmoja alipokuwa na miaka minne aliruka matundu matatu kwenye ncha moja, kijazo chekundu cha kitenge kikawa kinachungulia pale. Nyota hiyo bado tunayo, na kila Desemba yeye huitafuta kwanza kabla ya nyingine zote.

Kuanzia miaka minane mtoto anaweza mshono wa blanketi, ambao hufunga ukingo vizuri zaidi. Sindano iingie kwa mbele kwenye tundu na itokee nyuma, lakini uzi usivutwe wote. Kiachwe kitanzi, sindano ipite ndani ya kitanzi hicho kutoka nyuma kuja mbele, ndipo uzi uvutwe taratibu mpaka ulale juu ya ukingo. Kila mshono huacha herufi kama L, na herufi hizo zikishikana huzunguka nyota kama uzio. Mshono huu unakula uzi karibu mara tatu ya urefu wa ukingo, kwa hiyo uzi wa kwanza utaisha njiani. Mfundishe mtoto kusimama ukibaki urefu wa kiganja, afunge fundo ndani kati ya matabaka, na uzi mpya uanzie palepale.

Zikibaki sentimita 4 au 5 kabla ya kufunga, kushona kusimame na kijazo kiingie. Hapa penseli isiyochongwa hufaa kuliko kidole: kwanza zijazwe ncha, kila moja kwa kipande kidogo, na tumbo la nyota lije mwisho. Watoto hupenda kujaza mpaka nyota iwe kama mpira, nayo matundu hupanuka. Mwambie mtoto ikiwa bado inakunjika kidogo kwa vidole viwili, imetosha. Kisha achague utepe wa sentimita 15, aukunje katikati, na miisho yake ichomekwe kati ya matabaka kwenye ncha ya juu. Mshono wa utepe huu urudiwe mara tatu palepale, na hii ni sehemu moja ambayo mtu mzima anaruhusiwa kuongeza mshono wake, kwa sababu pambo lisipoanguka ndipo linapodumu.

Vifungo na shanga ni vya watoto waliozidi umri wa kutia vitu mdomoni. Kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitatu, usishone kifungo hata kimoja kwenye pambo litakaloning'inia anapofika. Tumia miduara midogo ya felti iliyoshonwa kwa mshono wa msalaba. Gundi ya maji nayo naiepuka. Huloweka felti na kuacha doa gumu lisilotoka, na gundi ya moto inaunguza vidole.

Ua la mkrismasi

Siku ya ua, kazi ianzie nje. Mkrismasi, ambao jina lake la kitaalamu ni Delonix regia, asili yake ni Madagaska, lakini umepandwa kwenye barabara na nyua za shule nyingi za kwetu, na wakati huu ardhi chini yake huwa nyekundu. Kila mtoto aokote ua moja lililoanguka likiwa bado zima, aliweke kwenye kiganja na kulichunguza. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, nilikuwa tayari nimekata petali tano nyekundu kwa kila mtoto. Msichana wa miaka sita akaniinulia ua lake: "Shangazi, hili moja mbona limechorwachorwa?" Nikamwambia ahesabu yote, akahesabu, nikahesabu naye. Petali nne ni nyekundu tupu. Ya tano husimama juu ya wenzake, ina weupe na njano, na imenyunyiziwa vidoa vyekundu. Nilikuwa nimepita chini ya miti ile miaka yote bila kuliona hilo, na jioni hiyo nilirudi kukata petali nyeupe.

Kiolezo cha petali kina umbo la kijiko: urefu sentimita 5, upana sentimita 4 juu, kikipungua hadi sentimita 1 chini. Kwa kila ua kata nne nyekundu na moja nyeupe, pamoja na nyota ndogo ya kijani yenye kipenyo cha sentimita 5, ambayo itakaa nyuma kama yale majani madogo matano yanayolishika ua.

Mtoto aanze na ile petali nyeupe, kwa kuwa ndiyo yenye furaha zaidi. Ashone vidoa kwa uzi mwekundu, mshono mfupi mmoja hapa na mwingine pale, bila mstari, na katikati aongeze michache ya njano. Ua halisi liwe mbele yake wakati wote. Wapo watakaoweka vidoa vitano na wapo watakaoijaza petali nzima. Yote mawili yanaonekana mtini kule nje.

Kisha kila petali ikunjwe kidogo kwenye shina lake, kama unavyokunja pembe ya karatasi, na kunjo hilo lishikwe kwa mshono mmoja. Kunjo hili huifanya petali ibonyee kama kiganja badala ya kulala bapa. Zipangwe juu ya nyota ya kijani, mashina yakikutana katikati na ncha za kijani zikionekana kwenye nafasi zilizo kati ya petali, ile nyeupe ikiwa juu. Mtoto wa miaka minane na kuendelea atazishona mwenyewe, mishono miwili kwa kila shina. Mdogo azishike tu kwa kidole, petali moja baada ya nyingine, wakati wewe unashona, kwa sababu hapo sindano hupita matabaka matatu na huhitaji kastabini.

Zimebaki stameni, zile nyuzi ndefu zinazochomoza katikati, ambazo kwenye ua hili ni kumi. Kata vipande 5 vya uzi mwekundu wa sentimita 8, bila kuutenganisha, uvilaze pamoja, uvifunge katikati kwa uzi mwingine na kuvikunja. Miisho inakuwa kumi. Mtoto afunge fundo dogo kwenye kila mwisho, naye atalihesabu kila moja. Kifungu hicho kishonwe katikati ya ua, na kitanzi cha utepe kishonwe nyuma, juu ya petali nyeupe, ili ua litundikwe likiwa limesimama kama lilivyo mtini.

Kutundika na kuhifadhi

Kabla ya watoto kuinuka, hesabu sindano na ulinganishe na ile idadi uliyoandika usiku. Isipotimia, hakuna anayetembea peku mpaka ipatikane. Pitisha sumaku mkekani kama unayo.

Mapambo haya ni mepesi, kwa hiyo hata tawi la mvinje lenye vijiti vyembamba huyabeba bila kuinama. Yawe mbali na mishumaa, maana poliesta hushika moto na kudondosha matone yanayounguza. Wanaosafiri kwenda kula Krismasi Moshi, Bukoba au Kigoma wanaweza kuyatia katikati ya nguo kwenye begi, wala hayatavunjika njiani kama yale ya kioo.

Mapambo yanapoteremshwa baada ya tarehe 6 Januari, geuza kila moja na ushone mwaka kwenye mgongo wake kwa tarakimu, pamoja na herufi ya kwanza ya jina la mtoto; wanaoweza kushona tarakimu wajishonee. Yenye vumbi yapanguswe kwa kitambaa kibichi na kuanikwa kivulini siku nzima, hasa kwa wakazi wa pwani ambako unyevu huleta ukungu. Yatiwe kwenye kopo la bati lenye mfuniko, kwa kuwa panya hupenda kujitengenezea kiota ndani ya vitu laini, na kama umetumia felti ya sufu ya kondoo, ongeza konzi ya karafuu kavu kwenye kifuko cha kitambaa dhidi ya nondo. Violezo vya karatasi viwekwe juu kabisa, ndani ya bahasha, ili Desemba ijayo viwe cha kwanza kuonekana kopo likifunguliwa.